Nani anaishika shaba?

Mwanafunzi alisimama kwenye benchi la dirishani, testityubu mkononi, ndani yake mmumunyo wa mrututu, yaani salfeti ya shaba, wenye ile buluu hafifu ya siku zote. Akadondosha amonia. Mashapo ya buluu mpauko yakajaa. Akaendelea kudondosha, mashapo yakayeyuka, na mmumunyo ukageuka buluu iliyokoza, ile ambayo hata waliochoka na praktiko huinua vichwa kuitazama.

Kila aliyesoma kemia ameiona rangi hiyo. Unaandika kwamba ioni za shaba zipo, unapata alama zako, unahamia swali linalofuata.

Huyu hakuhama. Kwenye rafu kulikuwa na kopo la glisini, asidi amino, lililoletwa kwa ajili ya darasa lingine. Akalitazama, akauliza: "Mwalimu, nikitia na hii humu, nani atatoka?"

Nilimjibu kwamba inategemea kiasi, na kwamba zote mbili zinaweza kukaa kwenye shaba moja kwa pamoja. Kengele ikalia, wakaosha vyombo, wakaondoka. Swali lenyewe liliondoka na mimi, na kwa wiki kadhaa halikunipa nafasi. Kila nilipofungua majedwali ya namba nilizozifundisha miaka yote, niliona kwamba swali la "nani atatoka" lina kina kuliko ninavyolipa nafasi darasani, na kwamba jibu lake linagusa damu yetu na maisha ya watoto wachanga.

## Nafasi nne

Ioni ya shaba ndani ya maji haikai peke yake. Molekuli nne za maji huishika kwa karibu, zote kwenye bapa moja. Nyingine huwa juu na chini yake, mbali kidogo, zimeshikwa kilegevu. Ligandi, yaani molekuli au ioni yoyote inayokuja kuishika shaba, kwa kawaida hugombea zile nafasi nne za karibu. Ikishazipata, tunasema kompleksi imeundwa.

Mkemia Jannik Bjerrum wa Copenhagen alionyesha mwaka 1941 kwamba amonia huingia hatua kwa hatua, na kwamba kila hatua inaweza kupimwa peke yake. Konstanti ni namba inayopima nguvu ya kushika, na kila logi moja ni mara kumi. Kwa shaba, logi za konstanti za hatua nne za kwanza ni takriban 4.1, 3.5, 2.9 na 2.1. Kila amonia hushikwa kwa nguvu pungufu kuliko iliyotangulia, na sehemu ya sababu ni nafasi tu: ya kwanza inakuta nne ziko wazi, ya nne inakuta moja.

Glisini hushika kwa ncha mbili, naitrojeni na oksijeni, ikifunga pete. Logi ya glisini ya kwanza ni karibu 8.2, ya pili 6.8. Ethilinidiamini hushika kwa naitrojeni mbili na inafika 10.5 na 9.1. Ukiimimina kwenye mrututu, rangi haiishii kwenye buluu, inasogea mpaka zambarau.

Jumlisha hatua mbili kwa kila moja. Ethilinidiamini mbili: 19.6. Glisini mbili: 15.0. Tofauti ni logi 4.6, yaani karibu mara elfu arobaini.

Mtu akikuonyesha namba hizo kisha akakuuliza nani atabaki na shaba, utajibu bila kusita. Mwenye nguvu atachukua chote.

Hachukui.

## Kichwa na mwenge

Weka kwenye chombo kimoja shaba, ethilinidiamini na glisini, idadi sawa ya molekuli kwa kila kimoja. Pandisha pH, yaani punguza uasidi, mpaka ligandi zote mbili ziachie protoni zake (ioni za haidrojeni) na zote ziwe zimeshikwa. Shaba moja ina nafasi ya ligandi mbili za aina hii, na kwa kila shaba kuna ligandi mbili. Hakuna ya ziada.

Sasa fikiria njia mbili za kuzigawa. Ya kwanza, ethilinidiamini ziende mbili mbili kwenye nusu ya shaba, na nusu iliyobaki iachiwe glisini. Ya pili, kila shaba ipate moja ya huku na moja ya kule. Katika njia zote mbili, kila ethilinidiamini imeshikwa na kila glisini imeshikwa. Zile mara elfu arobaini zipo pande zote za mzani, kwa hiyo zinafutana.

Kinachobaki ni bahati. Ukirusha sarafu mbili, kichwa-kichwa hutokea mara moja kati ya nne, mwenge-mwenge mara moja, na moja ya kila upande mara mbili. Vivyo hivyo hapa: robo, robo, na nusu nzima ni mchanganyiko. Kwa lugha ya msawazo, yaani hali ambayo kuungana na kuachana kunalingana, ukichukua kompleksi mbili zisizochanganyika na kuzigeuza kuwa mbili za mchanganyiko, konstanti inayotokana na bahati peke yake ni 4, logi 0.6.

Hapa ndipo nilipolazimika kuweka kalamu chini. Nilikuwa na majedwali ya nguvu mezani, na nguvu hazikuwa na la kusema.

Bila shaka ukizidisha ethilinidiamini, mambo yanabadilika. Ya ziada itakuja kuisukuma glisini nje, na hapo nguvu inarudi kutawala. Ukishusha pH, protoni nazo zinaingia kwenye ugomvi, zinazikamata ligandi kabla shaba haijazifikia. Kwa hiyo "inategemea kiasi" lilikuwa jibu la kweli. Ila sikuwa nimewahi kuona ni kwa kiwango gani linategemea kiasi, na jinsi kiasi kinavyoweza kunyamazisha nguvu kabisa.

## Vipimo viwili, picha mbili

Bahati inatoa nusu. Je, shaba inaridhika na nusu?

Mkemia Helmut Sigel wa Basel alitumia miaka mingi kwa swali hili. Kipimo alichokipenda ni rahisi kukieleza: pima jinsi ligandi ya pili inavyoshikwa na shaba iliyokwisha kushikwa na ya kwanza, kisha linganisha na jinsi inavyoshikwa na shaba yenye maji matupu. Toa logi moja kwa nyingine. Kwa kuwa ligandi ya pili inakuta nafasi chache, unategemea jibu liwe hasi. Kwa shaba na ligandi zenye ncha mbili, bahati peke yake inatoa takriban hasi 0.9.

Bipiridini ni ligandi yenye pete mbili bapa, kila pete ina naitrojeni moja. Ikiwa imeshatangulia kwenye shaba, kisha ikaja ethilinidiamini, tofauti ni karibu hasi 1.3. Vibaya kuliko bahati. Ikiwa imetangulia ethilinidiamini kisha ikaja katekoli, inayoshika kwa oksijeni mbili, tofauti ni karibu hasi 0.8. Kama bahati.

Lakini ikitangulia bipiridini kisha ikaja katekoli, tofauti ni chanya, karibu 0.4.

Chanya! Katekoli inaipenda zaidi shaba iliyokwisha kushikwa nusu kuliko shaba iliyo wazi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba bipiridini, mbali na kuipa shaba elektroni, inapokea nyingine kutoka kwa shaba kupitia zile pete zake bapa, hivyo shaba inabaki na njaa ya oksijeni kama vile haijaguswa. Pete ya imidazoli, iliyomo ndani ya asidi amino iitwayo histidini, ina tabia inayokaribia hiyo. Tutarudi kwa histidini.

Nilitaka kujua hiyo 0.4 inamaanisha nini kwenye chombo, nikaipeleka kwenye hesabu ya sarafu. Konstanti ya kugeuza jozi mbili kuwa mchanganyiko, ambayo kwa bahati ni 4, hapa inakaribia milioni moja na nusu. Kwenye chombo chenye kiasi sawa cha kila kimoja, na ligandi zote zikiwa zimeshikwa, zaidi ya asilimia 99 ya shaba iko kwenye mchanganyiko.

Kisha nikafanya hivyo hivyo kwa ile jozi mbaya, bipiridini na ethilinidiamini, yenye hasi 1.3. Konstanti ikatoka karibu 15. Iko juu ya 4! Yaani kwa kipimo kimoja jozi hii iko chini ya bahati, na kwa kipimo kingine iko juu yake, na vyote viwili vimetoka kwenye namba zile zile.

Nilikagua hesabu upya. Iko sawa. Kipimo cha kwanza kinauliza kama ligandi ya pili inajali kwamba ya kwanza ipo. Cha pili kinauliza kama kuchanganyika ni bora kuliko kutochanganyika, na bipiridini mbili kwenye shaba moja hubanana vibaya, kwa hiyo karibu mgeni yeyote ni afadhali kuliko bipiridini ya pili. Maswali mawili tofauti. Tangu siku hiyo, nikisoma sentensi inayosema kompleksi fulani mchanganyiko "ni thabiti zaidi", siendelei mpaka nijue imelinganishwa na nini. Mara nyingi mwandishi hasemi.

## Namba zinatoka wapi

Wasiowahi kukaa kwenye chumba cha vipimo hivi wanaweza kudhani kuna mashine inayozitazama kompleksi na kuzihesabu. Hakuna. Kuna elektrodi ya kioo inayosoma pH, byureti ya alkali, chombo kilichotulizwa kwenye nyuzi 25, chumvi kama potasiamu naitreti ya kuweka ioni kwenye kiwango kimoja, na gesi ya naitrojeni inayopulizwa juu ya mmumunyo ili kaboni dayoksaidi ya hewani isiingie kuharibu kila kitu.

Unadondosha alkali, unasubiri, unasoma pH. Unadondosha, unasubiri, unasoma. Shaba inapoishika ligandi, protoni zinafukuzwa, na pH inashuka chini ya pale ambapo ingekuwa bila shaba. Ushahidi wote uko kwenye mchepuko huo wa mstari.

Baada ya hapo ndipo kompyuta inaingia. Programu kama SUPERQUAD ya mwaka 1985, na Hyperquad iliyoifuata, zinachukua orodha ya kompleksi ambazo wewe unadhani zipo, na kutafuta konstanti zinazoufanya mstari uliokokotolewa ulale juu ya ule uliopimwa.

Orodha inatoka kwako. Hili lilinisumbua kuliko mengine yote. Ongeza kompleksi moja zaidi kwenye orodha na karibu kila mara mstari utalala vizuri zaidi, kwa sababu umeipa hesabu uhuru zaidi. Ukiweka kompleksi ambayo haipo kabisa, inaweza kukupa konstanti yake, na kosa lililoandikwa pembeni likawa dogo la kupendeza. Mstari wa pH hauna namna ya kukuambia umbo la kitu. Unajua tu protoni ngapi zimeachiwa.

Kwa hiyo wapimaji waangalifu hutafuta shahidi wa pili, na shaba kwa bahati nzuri ni karimu wa rangi. Shaba yenye maji matupu humeza mwanga karibu na nanomita 800. Zikija amonia nne, mahali pa kumeza pasogea mpaka karibu 600. Ethilinidiamini mbili, karibu 550, ndiyo maana tunaona zambarau. Glisini mbili, karibu 630. Kila naitrojeni inayochukua nafasi kwenye lile bapa inasogeza mahali hapo kuelekea mawimbi mafupi. Mchanganyiko wa ethilinidiamini na glisini unapaswa kuwa katikati, na una mstari wake wenyewe wa kumeza mwanga. Kama programu inasema kuna mchanganyiko wa asilimia 80 na rangi haijasogea, mimi naiamini rangi.

## Tone moja, maji mengi

Kuna kundi la kompleksi za shaba zinazoitwa Casiopeínas. Zilibuniwa Mexico na Lena Ruiz-Azuara wa chuo kikuu cha UNAM, kwa nia ya kupambana na saratani. Muundo wake ni huu tunaouongelea: shaba moja, upande mmoja bipiridini au ndugu yake fenanthrolini, upande wa pili glisini au asetilasetoni. Ni michoro mizuri. Unaiona kwenye karatasi, fuwele imepigwa eksirei, kila atomu iko mahali pake.

Nilijiuliza: nikiichukua kompleksi ya namna hiyo, yenye bipiridini na glisini, nikaiyeyusha kwenye maji ya pH 7.4, nini kinabaki?

Hesabu inaingia kwenye nusu ukurasa. Glisini inaishika shaba yenye bipiridini kwa konstanti yenye logi karibu 8. Lakini kwenye pH 7.4 glisini nyingi iliyo huru imebeba protoni, na hilo linapunguza nguvu yake kwa zaidi ya logi 2. Inabaki karibu 6, yaani milioni moja.

Milioni inasikika kama nyingi. Sasa tazama.

Kwenye ukolezi wa milimola moja kwa lita, ambao ni wa kawaida kwenye chumba cha titresheni, yaani vile vipimo vya kudondosha alkali, karibu asilimia 97 ya kompleksi iko nzima. Ukizimua mara elfu, ukafika mikromola moja, ambao ni ukolezi wa kawaida kwa majaribio ya dawa kwenye seli, zaidi ya asilimia 60 imeachana na glisini yake. Konstanti ni ile ile. pH ni ile ile. Hakuna adui aliyeingia. Ni maji tu yameongezeka.

Nililitazama jibu hilo kwa muda mrefu.

Bipiridini yenyewe inang'ang'ania zaidi, na fenanthrolini zaidi ya hapo, kwa hiyo haina maana kwamba kompleksi imekufa. Inachomaanisha ni kwamba kitu kilichochorwa kwenye karatasi, chenye ligandi zote mbili, kinaweza kuwa ndicho kichache kuliko vyote ndani ya kisahani cha seli. Na bado sijaweka protini hata moja. Watafiti wa eneo hili wanalijua jambo hili, na miaka ya karibuni wamekuwa wakiandika kwa uwazi kwamba ni lazima kwanza kujua ni kitu gani hasa kinachofanya kazi. Wanaonipa wasiwasi ni wale wanaopima asilimia za seli zilizokufa, wanabandika mchoro wa fuwele juu ya jedwali, na hawaandiki popote ukolezi unaifanya nini kompleksi yao.

## Ndani ya damu

Damu ndiyo chombo chenye ligandi nyingi kuliko chochote tutakachochanganya darasani.

Shaba nyingi ya plazima, yaani majimaji ya damu, imefungwa ndani ya protini iitwayo seruloplazmini na haitoki kirahisi. Inayotembea, ile inayobadilisha mikono, kwa sehemu kubwa iko kwenye protini nyingine, albumini. Ncha ya mwanzo ya albumini ina asidi aspatiki, alanini na histidini zikifuatana, na pale shaba inapata naitrojeni nne kwenye bapa moja. Nafasi zote nne zimejaa. Konstanti yake kwenye pH ya damu ni kati ya 10 kwa kipeo cha 12 na 10 kwa kipeo cha 13, na albumini ni nyingi, karibu milimola 0.6.

Ungedhani hadithi imeishia hapo. Lakini mwaka 1967, huko Toronto, Neumann na Sass-Kortsak walionyesha kwamba sehemu ndogo ya shaba ya damu iko kwenye asidi amino, nje ya protini. Bibudhendra Sarkar na Theo Kruck, katika jiji hilo hilo na miaka hiyo hiyo, walifika kwenye histidini. Na hawakuikuta histidini peke yake: walikuta kompleksi yenye histidini upande mmoja na threonini, asidi amino nyingine, upande mwingine. Mchanganyiko. Mwaka 1969 kundi la Hans Freeman wa Sydney, pamoja na Sarkar, likaonyesha umbo la kompleksi hiyo kwa eksirei.

Hilo halikunishangaza tena baada ya hesabu ya sarafu. Kwenye damu kuna asidi amino nyingi za aina mbalimbali, na kila moja ina sehemu yake. Mwaka 1971 Perrin na wenzake huko Canberra walitumia kompyuta kukokotoa jinsi shaba inavyogawanyika kwenye asidi amino 17 za plazima, na kompleksi za mchanganyiko zikajitokeza kwa wingi, histidini ikiwa mbele. Ninaona uzuri mkubwa kwenye kazi hiyo. Walichukua konstanti zilizopimwa moja moja, kwa elektrodi ya kioo na subira, wakazikusanya mpaka zikasema kitu kuhusu mwili wa mtu.

## Watoto wenye nywele kama waya

Mwaka 1962 John Menkes na wenzake, Marekani, waliandika kuhusu wavulana wachanga wa familia moja waliozaliwa wakionekana wazima, kisha wakaanza kurudi nyuma: degedege, misuli kulegea, ukuaji kusimama, na nywele za ajabu, fupi, zilizopinda na kukatika. Walikufa wadogo. Sababu haikujulikana.

Miaka kumi baadaye, Melbourne, David Danks aliziona nywele hizo na kukumbuka jambo ambalo wafugaji wa Australia walikuwa wakilijua: kondoo wanaolishwa kwenye nyanda zisizo na shaba ya kutosha hutoa sufu iliyopoteza mawimbi yake, ngumu kama waya. Akapima shaba kwenye damu ya watoto. Ilikuwa chini sana. Mwaka 1993 jeni lenyewe, ATP7A, likapatikana. Ni la pampu inayoitoa shaba kwenye seli za utumbo na kuiingiza mwilini. Pampu ikiharibika, shaba inayoliwa inarundikana kwenye ukuta wa utumbo, na ubongo unakosa.

Kwa hiyo kumnywesha mtoto shaba hakusaidii. Inabidi kuchoma sindano. Na hapa kemia inakuwa ngumu, kwa sababu chumvi ya kawaida ya shaba kwenye pH ya mwili inataka kuwa mashapo, yale yale ya testityubu.

Mwaka 1976 Toronto wakaanza kutumia shaba iliyoshikwa na histidini mbili. Mmumunyo safi, usio na mashapo, unaochomwa chini ya ngozi. Matibabu yakianza wiki za mwanzo kabisa za maisha, na kama jeni lina uzima kidogo uliobaki, baadhi ya watoto wameishi na kukua. Yakichelewa, ubongo hauponi. Si tiba ya wote, na wazazi wengi wamempoteza mtoto wao hata baada ya sindano. Lakini kwa wale waliofikiwa mapema, kompleksi hii imekuwa tofauti kati ya kuishi na kufa.

Umbo la kompleksi ya histidini mbili kwenye fuwele lilichapishwa mwaka 2004, miaka 28 baada ya matibabu kuanza. Histidini moja inashika kwa ncha tatu, nyingine kwa mbili. Na kwenye mmumunyo haitulii kwenye umbo moja.

Miaka yote hiyo ilifanya kazi bila mchoro.

## Kukabidhiana

Nilichokuwa nikikitafuta kwa wiki zile kilikuwa hapa, na nilichelewa kukiona kwa sababu nilikuwa nikiuliza kuhusu nguvu tu.

Ile shaba yenye histidini mbili ina logi ya jumla karibu 18.1, na ukiangalia namba hiyo peke yake unapata picha ya kitu kisichovunjika. Lakini shaba ya aina hii ni miongoni mwa ioni zinazobadilisha majirani haraka kuliko karibu zote. Molekuli ya maji kwenye ioni ya shaba hukaa kwa muda ulio chini ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ligandi zenye pete hukaa zaidi, ila bado zinaingia na kutoka. Msawazo unaweza kulemea upande mmoja kabisa huku molekuli zenyewe zikihama bila kupumzika.

Dawa ile inafaa kwa sababu hiyo. Imeshikwa vya kutosha isigeuke mashapo chini ya ngozi ya mtoto, na imeshikwa kilegevu cha kutosha kuiachia shaba inapokutana na wa kuipokea. Fikiria ingekuwa imeshikwa na EDTA, ligandi ya maabara ya kukamata metali, yenye logi karibu 18.8: ncha sita zimeizunguka, inapita kwenye damu na kutoka kwenye mkojo, na mtoto hajapata kitu. Logi 18.1 na 18.8 zinakaribiana kwenye jedwali. Ila kwenye pH ya damu EDTA inabaki na nguvu yake kubwa zaidi, na haiachii kwa wepesi ule.

Na kukabidhi kwenyewe kunafanyikaje? Albumini imeijaza shaba nafasi zote nne. Histidini inayokuja haikuti pa kukaa, na lazima sehemu ya albumini ilegee kidogo kabla ya histidini kupata ncha ya kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Sarkar na mwenzake walipendekeza kwamba katikati ya safari kuna kompleksi yenye vyote viwili, albumini upande huu na histidini upande ule, na shaba ikiwa imeshikwa na wote. Kompleksi mchanganyiko, tena.

Ni chache mno wakati wowote ule, na mstari wa titresheni hautoshi kuthibitisha umbo lake. Lakini shaba inayotoka kwenye albumini kwenda kwenye asidi amino, au kurudi, ina kila sababu ya kupita kwenye kitu cha namna hiyo. Mwanafunzi aliuliza nani atatoka. Katika sehemu hiyo ya safari hakuna aliyetoka bado: protini imeshaachia naitrojeni moja au mbili, histidini imeshaweka yake, na kitakachoamua shaba iende upande gani ni kiasi cha histidini iliyopo pembeni, pH, na ni nani atakayewahi kuijaza nafasi iliyo wazi.